Galileo Galilei na Vivuli vya Mwezi

Kila mtu wa Nundu ajua jinsi asubuhi inavyoingia. Jua likiwa bado halijatokea upande wa ziwa, vijiji vya pwani vingali katika kivuli, na mitumbwi ya wavuvi wanaorudi yaonekana kama vijiti vyeusi juu ya maji. Lakini mtu akigeuka na kuelekeza macho magharibi, huona kwamba vilele vya milima ya Itombwe vimekwisha kupata nuru. Juu kumekucha, chini bado. Kisha nuru hushuka kidogo kidogo, hufika mashamba ya mihogo ya mteremkoni, na mwisho hugusa paa za nyumba na mlango wa kanisa. Jioni mambo hugeuka. Jua huzama nyuma ya milima hiyo, pwani huingia kivulini, nacho kivuli huendelea kutembea juu ya maji ya Tanganyika. Watu wa Baraka huweza kuiona milima ya rasi ya Ubwari, ng'ambo ya ghuba, ingali inang'aa wakati nyumba zao zimekwisha kuingia katika kivuli.

Jambo hili ni la kila siku, na kwa kuwa ni la kila siku, watu hawalifikirii. Palikuwa na mtu mmoja, zaidi ya miaka 400 iliyopita, aliyelifikiri sana. Aliutazama mwezi kwa darubini, akatambua kwamba huko nako hukucha kama kunavyokucha milimani. Kwa alama hiyo alijua kwamba mwezi una milima, mabonde na mashimo makubwa. Mtu huyo ni Galileo Galilei. Maisha yake yafaa kujulikana na kila anayejiandaa kupokea ubatizo, maana ndani yake mna matunda ya akili aliyopewa na Mungu, na mna makosa pia: makosa yake mwenyewe, na makosa ya wakubwa wa Kanisa waliomhukumu. Yote yanasimuliwa hapa bila kufichwa.

Utoto na masomo

Galileo alizaliwa katika mji wa Pisa, nchi ya Italia, tarehe 15 Februari 1564. Baba yake, Vincenzo Galilei, alikuwa mwanamuziki, hodari wa kupiga ala ya nyuzi, na mwandishi wa vitabu juu ya muziki. Alikuwa na elimu, lakini hakuwa tajiri. Alikuwa na desturi ya kuyajaribu mambo kwa mkono na kwa sikio lake kabla ya kuyakubali yaliyoandikwa na watu wa kale, na tabia hiyo mtoto wake aliirithi.

Alipokuwa kijana alipelekwa kusoma kwa watawa wa Vallombrosa. Maisha ya watawa yalimpendeza hata akatamani kubaki nao, lakini baba yake alimwondoa, kwa maana alitaka awe daktari. Mwaka 1581 akaingia chuo kikuu cha Pisa kusoma udaktari. Moyo wake haukukaa huko, bali ulivutwa na hesabu. Mwaka 1585 akaondoka chuoni bila kupata shahada. Alijifunza pia kuchora. Alijua jinsi mchoraji anavyotumia nuru na kivuli kuonyesha, juu ya karatasi iliyo bapa, kitu chenye unene na kina. Elimu hiyo, ambayo wengine wangeiona kuwa mchezo tu, ilimfaa sana baadaye.

Mwaka 1589 alipewa kazi ya kufundisha hesabu katika Pisa, na mwaka 1592 akahamia Padua, mji unaohifadhi kaburi la Mtakatifu Antoni. Huko alifundisha miaka 18. Baba yake alikuwa amefariki mwaka 1591, na Galileo, akiwa kifungua mimba, alibeba mzigo wa jamaa yote. Tena ilimpasa kulipa mahari ya dada zake, ambayo kwa desturi ya nchi ile hutolewa na jamaa ya bibi arusi. Katika Padua aliishi na mwanamke aitwaye Marina Gamba bila kufunga naye ndoa, wakazaa mabinti wawili na mwana mmoja. Hilo halikuwa sawa na sheria ya Mungu, wala mtu asilisifu. Mabinti wote wawili waliwekwa katika konventi ya watawa ya Mtakatifu Mathayo katika Arcetri, karibu na mji wa Florence. Mkubwa wao, Virginia, alipokea jina la kitawa la Maria Celeste, na jina lake litarudi mbele katika habari hii.

Kioo cha kuona mbali

Mwaka 1608 fundi wa miwani wa Uholanzi, aitwaye Hans Lipperhey, aliomba kwa serikali yake haki ya kutengeneza chombo kinachovuta karibu vitu vilivyo mbali. Mwaka uliofuata habari hiyo ilifika Venice na Padua. Galileo aliposikia kwamba chombo kile kimefanywa kwa vioo katika bomba, alianza kujitengenezea chake. Mbele ya bomba aliweka kioo kilichovimba katikati, na karibu na jicho akaweka kioo kilichobonyea. Darubini yake ya kwanza ilivuta vitu karibu mara 3 tu. Hakuridhika. Alijifunza kusugua vioo kwa mikono yake, akitupa vibaya na kuchagua vizuri. Mwezi wa Agosti 1609 aliwaonyesha wakubwa wa Venice darubini iliyovuta mara 8 hivi, nao wakaziona merikebu baharini muda mrefu kabla ya kuonekana kwa macho matupu. Wakafurahi, wakamwongezea mshahara. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa na darubini ya mara 20.

Watu wengi walikitaka chombo hicho kwa ajili ya vita na biashara. Galileo akakielekeza mbinguni. Hakuwa wa kwanza kufanya hivyo. Mwingereza mmoja, Thomas Harriot, alikuwa ameuchora mwezi kwa darubini miezi michache mbele yake. Harriot aliona kwamba mpaka wa nuru na giza juu ya mwezi umekwaruzika, akauchora hivyo, lakini hakueleza maana yake. Macho ya wote wawili yaliona kitu kilekile, ila mmoja ndiye aliyeuliza kwa nini.

Kunakucha mwezini

Wenye elimu wa siku zile, wakimfuata Aristotle, mwanafalsafa wa kale wa Wagiriki, walifundisha kwamba vitu vya mbinguni havina kasoro yoyote. Mwezi, walisema, ni mviringo laini kabisa. Mabaka meusi yanayoonekana na kila mtu waliyaeleza kwa kusema kwamba sehemu moja ya mwezi ni nzito na nyingine ni nyepesi. Dunia peke yake, kwa maoni yao, ndiyo yenye mabonde, mawe na matope.

Jioni ya tarehe 30 Novemba 1609, mwezi ukiwa bado mchanga, Galileo aliutazama na kuuchora. Darubini yake ilikuwa na jicho jembamba, hata hakuweza kuuona mwezi mzima kwa mara moja, bali alipitisha chombo sehemu kwa sehemu. Alirudi kuutazama jioni nyingine, na nyingine, mpaka katikati ya mwezi wa Desemba, nuru ikiendelea kuenea juu yake. Akaona alama tatu.

Alama ya kwanza ni mpaka wa nuru na giza. Kama mwezi ungekuwa laini kama yai, mpaka huo ungekuwa mstari safi. Lakini aliuona umepindapinda na kukatikakatika, mahali pengine nuru ikiingia gizani, mahali pengine giza likiingia katika nuru.

Alama ya pili ni nukta za nuru. Ndani ya sehemu yenye giza, mbali kidogo na mpaka ule, aliona nukta ndogo ziking'aa peke yake. Hakuondoka. Alipoendelea kutazama, nukta hizo zilikua, na baada ya saa 2 au 3 zikaungana na sehemu iliyoangazwa. Hapo akafahamu. Zilikuwa vilele vya milima, vilivyopata jua kabla ya nchi tambarare inayovizunguka. Ndivyo vilele vya Itombwe vinavyopata nuru wakati Nundu ingali katika kivuli.

Alama ya tatu ni madoa ya mviringo, mengi sana, kila moja likiwa na upande mweusi na upande unaong'aa. Upande mweusi ulikuwa daima ule ulio karibu na jua, na upande unaong'aa ulikuwa ule wa mbali. Jambo hili laweza kuonekana kijijini katika shimo la udongo wa matofali. Asubuhi jua hutoka upande wa ziwa. Ukuta wa shimo ulio upande wa ziwa huwa na kivuli, na ukuta wa upande wa milima hupigwa na jua. Kadiri jua linavyopanda, kivuli hufupika, na saa sita mchana chini ya shimo kote huwa na nuru. Kama mahali pale pangekuwa kilima, na siyo shimo, mambo yangekuwa kinyume: upande wa ziwa ungeng'aa, na upande wa pili ungekuwa na kivuli. Basi kwa kivuli peke yake mtu huweza kutambua shimo na kilima, hata kama hawezi kufika mahali penyewe. Galileo alitazama vivuli vya madoa yale vikifupika siku hata siku, akajua bila shaka kwamba ni mashimo.

Hakuishia hapo, bali alipima. Aliangalia umbali kati ya nukta ya nuru na mpaka wa nuru na giza, akaulinganisha na upana wa mwezi wote. Kwa hesabu za maumbo akapata kwamba baadhi ya milima ya mwezi yapita maili 4 za nchi yake kwa urefu, yaani zaidi ya kilometa 6. Milima ya Itombwe iliyo mirefu hupita kidogo kilometa 3. Mwezi ulioonekana kama sahani ndogo angani ulikuwa nchi yenye milima mikubwa.

Mtu aweza kuuliza kwa nini milima hiyo haionekani vizuri mwezi unapokuwa mpevu, wakati nuru imejaa. Jibu ni rahisi. Siku hiyo jua laupiga mwezi usoni kwa upande wetu, na vivuli hutoweka machoni petu. Anayekandika ukuta kwa udongo ajua jambo hili. Taa ikishikwa mbele ya ukuta, ukuta huonekana umenyooka, lakini taa ikiwekwa kando, kila kovu na kila uvimbe huonekana. Vivyo hivyo milima na mashimo ya mwezi hujulikana vizuri zaidi karibu na mpaka wa nuru na giza, ambapo jua liko chini na vivuli ni virefu. Na kwa kuwa mchana mmoja wa mwezini pamoja na usiku wake hupata siku 29 na nusu za duniani, asubuhi ya huko huenda polepole sana, na mtazamaji mwenye saburi huweza kuifuata.

Leo yajulikana kwamba mashimo hayo yalifanyika mawe makubwa kutoka angani yalipoupiga mwezi kwa nguvu, zamani za kale. Huko hakuna hewa wala mvua ya kuyafuta, kwa hiyo yamebaki. Galileo hakuyajua hayo. Alisema yale aliyoyaona na yale aliyoweza kuyathibitisha.

Waliokubali na waliokataa

Mwezi wa Machi 1610 Galileo alitoa katika Venice kitabu kidogo chenye picha za mwezi, kiitwacho Sidereus Nuncius, maana yake Mjumbe wa Nyota. Ndani yake alieleza pia habari ya miezi midogo 4 inayoizunguka nyota ya Jupiter, aliyoigundua mwezi wa Januari mwaka uleule. Nakala zipatazo 550 zilichapwa, na sifa zake zikaenea Ulaya yote. Mwaka huohuo akahamia Florence kumtumikia mtawala wa huko.

Si wote waliomwamini. Waalimu fulani wa Padua na Pisa walikataa hata kuchungulia katika darubini. Mwingine alisema kwamba labda mashimo yamefunikwa na kitu kama kioo kisichoonekana, ili mwezi ubaki laini kama alivyosema Aristotle. Galileo aliwajibu kwa mzaha mkali. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake maisha yote: ulimi wake ulikuwa na makali, akajipatia adui pasipo lazima.

Mapadri Wajesuiti wa chuo chao cha Roma walifanya vizuri zaidi. Walitafuta darubini, wakatazama wenyewe. Mwaka 1611 walithibitisha kwamba aliyoyaona Galileo yapo kweli. Mkubwa wao katika hesabu, Padri Christopher Clavius, mzee wa miaka zaidi ya 70, bado alisita juu ya milima ya mwezi, lakini hakukataa kutazama. Mchoraji mmoja, rafiki wa Galileo, aitwaye Lodovico Cigoli, alipewa kazi katika kanisa la Santa Maria Maggiore la Roma, kazi aliyoimaliza mwaka 1612. Alimchora Bikira Maria amesimama juu ya mwezi, kama kitabu cha Ufunuo kinavyofundisha habari za mwanamke mwenye mwezi chini ya miguu yake. Lakini mwezi wa Cigoli si laini. Una mashimo, kama ulivyoonekana kwa darubini. Picha hiyo ilikubaliwa kanisani, na hakuna aliyeifuta.

Hukumu

Milima ya mwezi ilileta swali kubwa zaidi. Kama mwezi ni nchi yenye milima kama dunia, basi huenda dunia nayo ni kitu kinachotembea angani kama mwezi. Hayo yalikuwa yameandikwa mwaka 1543 na Nicolaus Copernicus, kanoni wa kanisa kuu la Frombork katika Poland, aliyesema kwamba dunia yalizunguka jua. Galileo alizidi kuamini hivyo.

Wengi waliogopa. Walisoma katika Biblia kwamba Yoshua aliliamuru jua lisimame, wakadhani kwamba anayesema jua halitembei anakana Neno la Mungu. Galileo aliandika kwamba Biblia imetolewa ili kuwafundisha watu njia ya wokovu, wala si hesabu za nyota, na kwamba Neno la Mungu na kazi ya Mungu haziwezi kupingana. Mtakatifu Augustino alikuwa amewaonya Wakristo karne nyingi kabla yake wasiitumie Biblia kwa haraka katika mambo ya asili. Lakini mwaka 1616 wakubwa wa Roma waliamua kwamba fundisho la Copernicus halipatani na Maandiko. Kardinali Roberto Bellarmino, ambaye leo ni mtakatifu, akamwonya Galileo asilishike wala kulitetea.

Yafaa kusema pia kwamba Galileo hakuwa na uthibitisho kamili. Hoja aliyoitegemea sana, ya kujaa na kupwa kwa bahari, haikuwa sahihi. Kuhusu mwezi alikuwa amengoja mpaka vivuli vikampa jibu, lakini kuhusu dunia hakungoja.

Mwaka 1632 alitoa kitabu kikubwa juu ya mifumo miwili ya ulimwengu. Papa Urbano VIII, aliyekuwa rafiki yake zamani, alikasirika, kwa sababu maneno aliyotaka yaingizwe yalitiwa katika kinywa cha mtu anayeonyeshwa kuwa mpumbavu. Galileo, mzee na mgonjwa, aliitwa Roma mbele ya Baraza la Inkwizisio, lililokuwa na kazi ya kulinda imani. Tarehe 22 Juni 1633, akiwa na miaka 69, alipigishwa magoti na kulazimishwa kukana mafundisho yake. Kitabu chake kilipigwa marufuku, naye akahukumiwa kufungwa. Kifungo hicho kilibadilishwa, akakaa chini ya ulinzi katika nyumba yake ya Arcetri mpaka kufa kwake.

Adhabu mojawapo ilikuwa kusali zaburi 7 za toba kila juma kwa miaka 3. Binti yake, Sista Maria Celeste, aliyeishi katika konventi ya karibu, alijitwalia wajibu huo ili ampunguzie baba yake mzigo. Alimfariji kwa barua na kwa kazi za mikono yake. Lakini alifariki tarehe 2 Aprili 1634, akiwa na miaka 33, na huzuni ya baba ilikuwa kubwa.

Uzee na kifo

Galileo hakuliacha Kanisa. Wala hakuacha kazi. Mwaka 1637, macho yake yalipokuwa yakianza kufa, aliutazama mwezi kwa mara za mwisho, akagundua jambo jingine. Mwezi hutuonyesha uso uleule siku zote, lakini hutikisika kidogo, hata kingo zake huonekana zaidi mara upande huu, mara upande ule. Mwaka 1638 alikuwa amepofuka kabisa. Mwaka huohuo kitabu chake cha mwisho, juu ya mwendo wa vitu na nguvu za mata, kilichapwa katika Leiden, Uholanzi. Alifariki Arcetri tarehe 8 Januari 1642, akiwa na miaka 77.

Mwaka 1651 padri Mjesuiti Giovanni Battista Riccioli, akisaidiwa na mwenzake Francesco Maria Grimaldi, alitoa ramani ya mwezi yenye majina ya mashimo yake. Majina mengi ya ramani hiyo yatumika hata leo. Shimo moja kubwa, lenye upana wa kilometa zipatazo 230, laitwa Clavius, kwa heshima ya yule padri mzee aliyesita lakini akatazama. Riccioli hakukubaliana na Copernicus, na hata hivyo alilipa jina lake shimo moja zuri. Hivyo wapinzani waweza kupeana heshima.

Kitabu cha Galileo kiliondolewa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1835. Tarehe 31 Oktoba 1992, Papa Yohane Paulo II alikiri hadharani kwamba waliomhukumu Galileo walikosea. Na tarehe 20 Julai 1969, Wamarekani wawili walipotua mwezini, saa ya kutua ilikuwa imechaguliwa wakati jua liko chini, asubuhi ya mahali pale, ili vivuli viwaonyeshe mashimo na mawe. Mambo ambayo Galileo aliyaona kwa kioo kidogo yalilinda uhai wao.

Fundisho la maisha haya

Yule anayejiandaa kwa ubatizo huenda akasikia siku moja mtu akimcheka, akisema kwamba Kanisa lilimfunga mtu aliyesema kweli. Asikimbilie kukana, kwa maana jambo hilo lilitokea. Wala asitetereke. Waliokosea walikuwa watu, waliochanganya mawazo ya Aristotle na imani ya Mitume. Imani yenyewe haikuhitaji kulindwa kwa uongo, na Kanisa halikupoteza kitu lilipoungama kosa lake. Kila Jumamosi waamini hupiga foleni mbele ya kiti cha maungamo, na hakuna anayetoka pale akiwa mdogo kuliko alivyoingia.

Wavuvi wa ndagala, wanaovua kwa taa usiku wa giza, huzijua siku za mwezi kuliko watu wengi. Mwezi mpevu ukifika, hupumzika na kushona nyavu. Basi, mwenye kupata darubini, hata ile ndogo ya mkononi, asingoje mwezi mpevu. Atazame siku ya saba au ya nane baada ya mwezi mwandamo, jioni, nusu ya mwezi ikiwa imeangazwa. Aegemeze mikono yake ukutani ili isitetemeke, aangalie pale nuru na giza vinapokutana. Ataona mashimo, kila moja na ukuta wake mweusi na ukuta wake mweupe. Kisha asubuhi, jua likitoka ziwani, ageuke atazame vilele vya Itombwe, amshukuru Mungu aliyefanya nuru.